Kabla ya Kumeza Dawa, Choo Kifike Maabara

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Leo tunazungumza juu ya choo. Naona wengine wanaangalia chini na wengine wanacheka. Chekeni tu kidogo, halafu tuendelee. Katika semina zetu tumezungumza juu ya nyuki, mbuzi wa maziwa na vitabu vya hesabu, wala hakuna aliyeona haya. Lakini ugonjwa wa kuhara umezika watoto wengi katika vijiji vyetu, na bado tunaona aibu kutaja kitu kile kile ambacho kingeweza kutuambia ni ugonjwa gani.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe.

Matanga yaliyoleta ugomvi

Katika kijiji kimoja tunachofanya kazi palikuwa na matanga. Watu walikula pamoja, kama desturi. Siku mbili baadaye watu wakaanza kuhara na kutapika. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa zaidi ya 30, na mzee mmoja akafariki. Habari zilipotufikia, tulifanya kile tulichofikiri ni kazi njema. Tulichangisha pesa haraka, tukanunua vidonge kwenye duka la dawa, tukavigawa nyumba kwa nyumba. Kila mgonjwa alimeza. Hata wasio wagonjwa walimeza, ati kujikinga.

Baada ya siku tatu afisa wa afya alifika. Akachukua choo cha wagonjwa wachache na kukipeleka maabara. Majibu yaliporudi yalikuwa maneno machache tu: hakuna kijidudu cha ugonjwa kilichoota.

Sasa watu wa kijiji walisikia nini? Walisikia hivi: "Hakuna ugonjwa. Basi ni sumu." Na kama ni sumu, nani alipika? Alipika mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi chetu, anayejulikana kwa mkono wake mzuri wa kupika pilau. Hakuna aliyemshtaki kwa chifu. Lakini watu waliacha kununua mandazi yake, na watoto wake wakaitwa majina shuleni. Mwishowe akafunga mlango, akarudi kwao.

Na kile kisima ambacho maji ya matanga yalitekwa? Hakuna aliyekipima wala kukifunga. Watu waliendelea kuteka.

Jambo hili lilitusumbua sana. Tuliomba ruhusa, tukaenda kumi na wawili kutembelea maabara ya hospitali ili tuulize swali moja: Wagonjwa walikuwa wengi namna ile, mbona hakikuota kitu? Mtaalamu wa maabara alitupokea vizuri, akatuonyesha kazi yake hatua kwa hatua. Tuliyoyaona huko ndiyo tunayowaletea leo.

Ndani ya tumbo ni kama soko

Kwanza tuliuliza: "Kwa nini usitazame choo kwenye hadubini, umwone mdudu, ukaandika jina lake? Si dakika tano tu?"

Akatuambia kwamba hadubini inasaidia kwa mambo fulani. Mayai ya minyoo yanaonekana. Ameba anaonekana. Lakini bakteria ni wadogo zaidi, na wengi wao wanafanana kabisa. Yule anayeleta kuhara damu na yule anayeishi tumboni mwako kwa amani, wote wawili ni kama vijiti vifupi. Kumtazama kwa sura tu hakutoshi.

Tena ni wengi mno. Katika gramu moja ya choo cha mtu mzima, yaani kipande kama punje ya harage, kunaweza kuwa na bakteria karibu bilioni 100. Na karibu wote si maadui. Tangu tulipozaliwa tunaishi nao. Wanatusaidia kusaga vyakula vingine, wengine wanatutengenezea vitamini K, na kwa kuwa wamejaza nafasi, wageni wabaya hawapati pa kukaa kwa urahisi. Mmoja wao ni yule aliyeelezwa mwaka 1885 na daktari wa watoto wa Ujerumani, Theodor Escherich. Leo anaitwa kwa jina lake, *Escherichia coli*, au *E. coli* kwa kifupi. Aina zake nyingi hazina neno. Chache ni kali na huleta kuhara.

Basi, tumbo ni kama soko siku ya gulio. Watu maelfu wanauza na kununua kwa amani, na kati yao kuna wezi wachache. Utawapataje? Huwezi kusimamisha kila mtu. Lazima uweke lango ambalo watu wengine hawawezi kupita, na ndani ya lango uweke jambo litakalomfanya mwizi ajitambulishe mwenyewe. Kazi hiyo ya lango hufanywa na chakula maalum cha kuoteshea vijidudu.

Chakula kilichotoka jikoni

Mtaalamu alitutolea visahani vya mviringo vyenye vifuniko. Ndani kulikuwa na kitu kama uji ulioganda, kingine chekundu, kingine kijani. Mama mmoja wetu akasema, "Hii si jeli ya watoto?" Tukacheka. Kumbe hakuwa mbali na ukweli.

Zamani, Robert Koch wa Ujerumani na wenzake walitafuta mahali pa kuoteshea bakteria ili kila aina ikae peke yake. Walitumia vipande vya viazi vilivyochemshwa. Halafu wakatumia jelatini, ile inayotokana na mifupa na ngozi. Lakini jelatini inayeyuka kwenye joto, na bakteria wengine wanaila ikawa maji. Mwaka 1881 mama mmoja, Fanny Hesse, ambaye mume wake alikuwa akifanya kazi na Koch, alitoa shauri. Yeye alikuwa akigandisha vyakula vyake jikoni kwa agari, kitu kinachotokana na mwani wa baharini, na haviyeyuki hata siku za joto. Wakajaribu, ikafaa. Mwaka 1887 Julius Petri, aliyekuwa pia akifanya kazi kwa Koch, akatengeneza kile kisahani chenye kifuniko. Mpaka leo maabara za dunia nzima zinatumia agari na kisahani hicho.

Kwa hiyo, kina mama, msiseme elimu ya jikoni ni ndogo.

Kijidudu kimoja kikitua juu ya agari yenye chakula na joto kinachokifaa, kinagawanyika kuwa viwili, viwili kuwa vinne. *E. coli* akipata mahali pazuri anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kesho yake wamekuwa mamilioni mahali pamoja, na sasa unawaona kwa macho yako kama kidoa kidogo. Kila kidoa ni ukoo wa kijidudu kimoja.

Nyongo na maziwa lala

Sasa tunafika kwenye lango lenyewe. Hapa tunaomba mfungue masikio.

Nani hapa hajawahi kuchinja mbuzi? Mnajua mnavyoiondoa nyongo kwa uangalifu. Ikipasuka, nyama inakuwa chungu. Nyongo hiyo humwagika tumboni kila siku kusaidia kusaga mafuta. Vijidudu wanaoishi matumboni wameizoea. Lakini vijidudu wengi wanaoishi kwenye ngozi, hewani na mavumbini hawawezi kuivumilia.

Daktari mmoja wa Uingereza, Alfred MacConkey, alitumia jambo hilo. Kati ya mwaka 1900 na 1905 alieleza chakula cha kuoteshea kilichotiwa chumvi za nyongo. Hilo ndilo lango. Wale wa mavumbini wanazuiwa, wale wa tumboni wanapita. Leo chakula hicho hutiwa pia rangi ya zambarau inayowazuia wengine zaidi.

Halafu akaweka ndani ya lango sukari ya maziwa. Sasa fikirini maziwa lala. Maziwa yakikaa kwenye kibuyu, vijidudu wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, ndiyo maana yanakuwa machachu. Basi *E. coli* naye anaweza kula sukari hiyo na kutoa asidi. Lakini wale wanaoleta kuhara damu, wanaoitwa *Shigella*, na wale wa homa ya matumbo na jamaa zao, wanaoitwa *Salmonella*, karibu wote hawaigusi.

Je, utajuaje nani amekula na nani hajala? Ndani ya chakula kuna dawa ya rangi inayogeuka kukiwa na asidi. Aliyekula sukari, kidoa chake kinakuwa cha rangi ya waridi. Asiyekula, kidoa chake kinabaki cheupe, hakina rangi. Mtaalamu alitushikia kisahani karibu na dirisha. Tuliona madoa mengi ya waridi, na kati yake matatu yasiyo na rangi. Akasema, "Hawa watatu ndio ninaowatafuta. Sijasema ni wabaya. Nasema tu kwamba nitawauliza maswali zaidi."

Maneno hayo tuliyapenda. Sisi kule kijijini tulikuwa tumemhukumu mtu bila kuuliza hata swali moja.

Malango mengine

Kisahani kimoja hakitoshi. Maabara hutumia vingine pamoja na hicho. Tutaje viwili.

Cha kwanza ni chekundu na huitwa XLD. Kilitengenezwa na Mmarekani mweusi, Welton Taylor, na kilielezwa mwaka 1965. Hapo *E. coli* anageuza wekundu kuwa manjano. *Shigella* anabaki mwekundu. *Salmonella* wengi wanakuwa wekundu wenye kitovu cheusi. Weusi huo unatoka wapi? *Salmonella* anatoa hewa yenye harufu ya yai viza, nayo ikikutana na madini ya chuma yaliyotiwa ndani ya chakula inaleta rangi nyeusi. Lakini yule wa homa ya matumbo yenyewe mara nyingi hutoa weusi kidogo sana au hatoi, kwa hiyo asiyekuwa makini anaweza kumpita.

Cha pili ni kijani na huitwa TCBS. Hiki ni cha kipindupindu. Mnajua maji ya magadi, yale mnayotia kwenye mboga ngumu? Kijidudu cha kipindupindu kinapenda mahali pa namna hiyo, wakati wengine wa tumboni wanadhoofika. Kwa hiyo kwanza choo huwekwa katika maji maalum yenye hali kama ya magadi kwa saa sita hadi nane, ili kijidudu kiongezeke kuliko wenzake. Kisha kinapandwa kwenye kisahani cha kijani chenye nyongo na sukari kama hii ya chai. Wa kipindupindu anakula sukari hiyo, na kesho yake unaona madoa ya manjano juu ya kijani.

Hapa Kenya kipindupindu cha siku hizi kiliingia mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka 2023 ulifika kaunti nyingi. Na kila mara, watu hawasemi kwa uhakika "ni kipindupindu" mpaka maabara imeotesha choo cha wagonjwa wa kwanza na kukiona.

Kwa nini majibu yanachukua siku tatu?

Wengi wetu tunalalamika: "Nilipeleka choo Jumatatu, wakaniambia nirudi Alhamisi. Hao ni wavivu." Hebu tuhesabu pamoja.

Siku ya kwanza choo kinapandwa kwa kitanzi cha waya, kikitandazwa juu ya visahani ili vijidudu waachane. Visahani vinawekwa kwenye kabati la joto kama la mwili wetu, kati ya digrii 35 na 37, mpaka kesho yake.

Siku ya pili madoa yanasomwa. Kidoa kinachoshukiwa kinachukuliwa peke yake na kupandwa tena katika chupa ndogo za majaribio. Anakula sukari gani? Anatoa hewa? Anaogelea au amekaa kimya?

Siku ya tatu majaribio yanasomwa. Kidoa huchanganywa na maji maalum yanayofanya aina fulani tu igandane. Hapo ndipo jina linapatikana. Kijidudu hicho pia kinapandwa pamoja na vikaratasi vidogo vya mviringo vyenye dawa mbalimbali. Siku inayofuata, pale dawa inapofanya kazi pana duara tupu kuzunguka kikaratasi. Pale isipofanya kazi, vijidudu wameota mpaka ukingoni.

Ni kama kupanda mahindi. Huwezi kuyavuta kwa mkono ili yaote haraka.

Kwa nini kwetu hakikuota kitu

Sasa turudi kwa swali letu. Tulipomweleza mtaalamu habari ya matanga, aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Wagonjwa walikuwa wamemeza dawa?" Tukasema ndiyo, wote. La pili: "Choo kilifika maabara baada ya muda gani?" Tukasema kilichukuliwa asubuhi, kikafika jioni kwa matatu, kimefungwa katika mkebe uliooshwa kwa dawa ya kuua viini.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Maabara huotesha walio hai. Mliniletea waliokufa."

Ndugu zetu, tulirudi nyumbani kimya. Vidonge vyetu vya huruma huenda ndivyo vilivyomwua shahidi. Hatujui kama kilikuwa kipindupindu, *Salmonella* au kitu kingine, na hatutajua kamwe. Jibu la "hakuna kilichoota" halikusema kwamba ugonjwa haukuwapo, wala halikusema neno lolote kuhusu sumu. Lilisema tu kwamba katika choo kile, siku ile, visahani vile havikuotesha kijidudu cha ugonjwa.

Tena kuna magonjwa ambayo visahani hivi haviwezi kuyaonyesha hata kidogo. Virusi, kama wale wa rota wanaoharisha watoto wachanga, hawaoti kwenye agari. Na homa ya matumbo, yaani taifodi, katika wiki ya kwanza hutafutwa zaidi kwa kuotesha damu kuliko choo. Wengi wetu tumepimwa taifodi kwa tone la damu na kupewa jibu siku hiyo hiyo. Kipimo kile, kinachoitwa Widal, kinatokana na kazi ya daktari wa Ufaransa ya mwaka 1896. Hakimtafuti kijidudu mwenyewe. Kinatafuta alama ambazo damu ilijiwekea, na alama hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au hata kuonekana kwa sababu ya ugonjwa mwingine kama malaria. Ndiyo maana utaona mtu "ana taifodi" mara nne kwa mwaka. Si vibaya kumwuliza daktari kwa heshima: "Je, tunaweza kuotesha damu?"

Mara ya pili

Mvua ndefu zilizofuata, mtoto mmoja wa kijiji kile kile alianza kuhara damu. Nyanya yake alikuwa amekwisha kushika pesa aende dukani. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, akamwambia, "Nyanya, mpe maji ya chumvi na sukari sasa hivi, halafu twende zahanati na mkebe safi. Dawa atapata huko huko, choo kikishachukuliwa."

Ikawa hivyo. Choo kilichukuliwa kwanza, na dawa ikaanza dakika hiyo hiyo, bila kungoja majibu. Siku ya tatu mtoto alikuwa bado anatoa damu, na majibu yakaja: ni *Shigella*, na ile dawa aliyoanzishiwa, kotrimoksazoli, ilikuwa na vijidudu walioota mpaka ukingoni mwa kikaratasi. Daktari akaibadilisha. Baada ya siku mbili mtoto aliomba uji.

Na tuseme wazi: kotrimoksazoli hiyo ndiyo hiyo tunayonunua vidonge vinne vinne dukani. Vile vidonge vingine tunavyopenda, vya metronidazoli, vinaua ameba, lakini havimzuii *Shigella* wala kipindupindu. Tukimeza nusu nusu kila tumbo linapouma, tunawafundisha vijidudu kuzoea dawa.

Kazi yetu sisi wanakikundi

Maabara ina kazi yake, na sisi tuna yetu. Tuyakumbuke haya.

1. Maji kwanza. Anayehara apewe maji ya chumvi na sukari mara moja. Kama huna pakiti za dukani, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki. Hapa hakuna kungoja maabara. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, lakini wagonjwa wakirudishiwa maji mapema, wanaokufa ni chini ya mmoja katika kila 100.

2. Kimbieni zahanati mkiona damu kwenye choo, choo kama maji ya mchele, macho yaliyoingia ndani, mtoto asiyeweza kunywa, au watu wengi wanaougua pamoja.

3. Choo kabla ya dawa. Mwambieni daktari, "Tunaomba choo kichukuliwe kabla ya dawa ya kuua viini." Kama mgonjwa amekwisha kumeza kitu, semeni ukweli. Mgonjwa aliye katika hatari asicheleweshewe dawa kwa sababu ya mkebe.

4. Mkebe uwe safi, mkavu, wenye mdomo mpana na kifuniko. Usiwe na dawa ya kuua viini. Choo kisichanganyike na mkojo wala udongo. Kiasi cha kijiko kinatosha. Kama kuna damu au makamasi, chukueni sehemu hiyo.

5. Kifike ndani ya saa mbili. *Shigella* hufa upesi nje ya mwili. Kama hospitali ni mbali, ombeni zahanati itumie kile chakula cha kusafirishia kinachohifadhi vijidudu wakiwa hai. Kikundi kinaweza kuweka akiba ndogo ya nauli kwa jambo hili.

6. Mkebe uandikwe jina, umri, tarehe, saa, na dawa iliyomezwa.

7. Osheni mikono kwa sabuni kabla na baada.

8. Kisima nacho kipimwe. Maabara ya maji hufanya kazi kwa namna ile ile. Maji huchujwa, na kichujio huwekwa juu ya chakula chenye sukari ya maziwa. Wakimpata *E. coli*, maana yake choo cha mtu au mnyama kimeingia majini, na wengine wabaya wanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na *E. coli* hata mmoja katika mililita 100. Mpaka majibu yaje, chemsheni.

Neno la mwisho

Yule mama mjane tulimfuata kwao. Mwenyekiti wa kikundi alisimama mbele ya ndugu zake akasema, "Hatujui ni nini kilichowaumiza watu, na sisi ndio tuliofanya isijulikane. Tulikuacha ubebe mzigo wetu." Alirudi baada ya miezi. Siku hizi yumo katika kikundi, anauza mandazi yake, na ni mmoja wa walinzi wa kisima. Lakini matanga yakiitishwa, hapiki. Hatujamlazimisha.

Tumesimulia haya ili kikundi kingine kisije kikapita njia hiyo. Huruma ni nzuri, lakini iende pamoja na ujuzi. 

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Mara ya mwisho watu wengi walipohara kijijini kwetu, tulifanya nini kwanza? Nani alilaumiwa?

2. Kutoka hapa mpaka maabara inayootesha choo ni saa ngapi? Nani atapeleka mkebe, na nauli itatoka wapi?

3. Nyumbani kwetu kuna vidonge gani vilivyobaki? Tulivinunua kwa shauri la nani?

4. Kisima chetu kilipimwa lini?